Kutoka Vitimbi Hadi Kamera ya Chumbani

Mwaka 1970 Sauti ya Kenya ilifungua kituo cha televisheni Mombasa. Kisauni ya siku hizo ilikuwa bado nchi ya minazi, miembe na mikorosho, na aliyetoka kisiwani alivuka kwa daraja la kuelea la Nyali, lililokuwapo tangu 1931. Junda, mtaa wa Kisauni, ilikaa ukingoni mwa mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, karibu na mji kwa macho, mbali kwa barabara. Daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980, mji ulivuka. Mashamba yaligeuka viwanja, na juu ya viwanja zikasimama nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake: kuli wa bandarini, mpishi wa hoteli za Bamburi na Shanzu, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, mwalimu aliyeletwa na uhamisho kutoka bara.

Ni katika nyumba za namna hiyo ndipo vichekesho vya televisheni viliota mizizi. Runinga ilikuwa moja, mara nyingi ya mwenye nyumba, na pasipo na umeme iliunganishwa kwa betri ya gari. Jioni ya kipindi, wapangaji na majirani waliingia, watoto wakakaa mkekani mbele, wakubwa nyuma, na waliokosa nafasi wakasimama dirishani. Hapakuwa na la kuchagua, kwa kuwa idhaa ilikuwa moja. Mnyasa, Mgiriama, Mkamba na Mjaluo walicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na asubuhi yake maneno ya kipindi yalikuwa yamekwisha kuingia katika utani wa matatu na wa kibarazani.

Kilichowachekesha kilikuwa na asili yake. Tangu enzi za mchekeshaji Mzee Pembe, televisheni ya taifa ilijenga ucheshi wake juu ya mtu wa kubuni anayejulikana na wote. Miaka ya 1980 ikaleta *Vitimbi*, na pamoja nacho Mzee Ojwang' Hatari na mkewe Mama Kayai, Othorong'ong'o Danger, Masaku na wenzao. *Vioja Mahakamani* kikaigeuza korti kuwa jukwaa: hakimu, kiongozi wa mashtaka, na kizimbani akina Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Tamaa bin Tamaa wakijitetea kwa mantiki iliyopinda. Hadithi zilikuwa ndogo kwa makusudi. Deni limekataliwa, jogoo ameibwa, mgeni amekuja na hana dalili ya kuondoka. Mtazamaji aliujua mwisho kabla ya nusu saa kutimia, naye alikaa hadi mwisho vilevile, maana raha ilikuwa katika njia ya kufika.

Kiini cha ufundi huo kilikuwa barakoa. Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo kwa lafudhi na kwa vituko, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu. Katika nchi ambayo siasa ilikuwa ikiwapanga watu kwa makabila, Mkikuyu aliingia kila juma katika ulimi wa Mjaluo, na Wajaluo wakampenda kama wao. Kila kabila lilikuwa na mtu wake wa kuchekwa. Pwani pia ilipewa wake: mtu wa maneno matamu, mwepesi wa ulimi, mzito wa jembe. Wapwani walio na haki ya kununa walinuna. Kinyago hicho kilikuwa kimechongwa Nairobi, na waliokichonga hawakuwahi kulala Kisauni. Hata hivyo hakuna nyumba iliyotajwa wala mke wa mtu aliyeonyeshwa. Mlevi wa mtaa, mwenye kukopa asilipe, na mzee anayeoa kwa siri walijiona katika Ojwang' bila mtu kuwanyooshea kidole. Walisemwa, na wakasetiriwa.

Junda haikula vya Nairobi pekee. KBC, kama Sauti ya Kenya ilivyorudi kuitwa mwaka 1989, ilirusha pia vichekesho vya kigeni, vikiwemo *Mind Your Language* cha Waingereza na *The Cosby Show* cha Wamarekani. Kutoka kusini, kwa njia ya mikanda na baadaye santuri za video, ulikuja ucheshi wa Tanzania. Amri Athuman, King Majuto, alikuwa mtu wa Tanga, na Tanga na Mombasa ni ndugu wa pwani moja. Hapa mtazamaji wa Kisauni alisikia mzaha uliotoka katika mahadhi ya lugha yake mwenyewe, wenye mafumbo ya mkwe na hasira ya fundi baiskeli, pasipo lafudhi ya kuigwa. Majuto alipofariki Agosti 2018, vilio vya kumlilia havikuishia mpakani Horohoro.

Ukiritimba wa idhaa moja ulivunjika Machi 1990, kituo cha KTN kilipoanza. Mwisho wa muongo huo ilikuja televisheni ya Nation (NTV), na ndani yake Redykyulass: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, vijana watatu waliomwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa bado Ikulu. Lililokuwa likinong'onwa miaka ishirini sasa lilisemwa kwa sauti, tena kwa sauti ya mwenyewe, fimbo yake mkononi. Barakoa iliyokuwa ikimsetiri mnyonge ikatumika kumvua mkubwa. Mwaka 2009 *The XYZ Show* ikaendeleza kazi hiyo kwa vikaragosi vikubwa vya mpira, chini ya Gado, mchoraji katuni mzaliwa wa Tanzania.

Upande wa vichekesho vya nyumbani, televisheni ya Citizen ndiyo iliyorithi kiti cha KBC. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 ilimtoa *Papa Shirandula*, aliyeigizwa na Charles Bukeko. Papa ni soja wa kulinda lango. Mkewe Wilbroda anaamini ana kazi ya ofisini, kwa hiyo kila asubuhi hutoka nyumbani kwa suti na tai, kisha hujificha avae sare. Mzaha wote wa kipindi umesimama juu ya siri hiyo moja. Pembeni mwake alikuwapo Otoyo, na aliyemwigiza, Kazungu Matano, alibeba jina la Kimijikenda. Junda ilimwelewa Papa bila kufafanuliwa. Mtaa wanamolala wengi wafanyao kazi za zamu kwenye mageti ya Nyali na mahoteli ya pwani ya kaskazini unajua maana ya mtu kubadilisha nguo njiani ili heshima ya nyumba ibaki. Hicho kilikuwa kilele. Chini yake, maji yalikuwa yamekwisha kugeuka.

Mageuzi hayo, ya vipindi vya uhalisia, yalianza mbali. Mwaka 1973 televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha *An American Family*, maisha ya familia ya Loud ya California, ikiwamo ndoa iliyovunjika mbele ya kamera. Mwaka 1992 MTV iliwaweka vijana wasiojuana katika nyumba moja ya New York na kuita kipindi hicho *The Real World*. Waswidi wakaanza *Expedition Robinson* mwaka 1997, mchezo wa kisiwani wa kuondoana mmoja mmoja. Kisha, Septemba 1999, kampuni ya Endemol ya John de Mol ikarusha *Big Brother* Uholanzi. Mwaka uliofuata Wamarekani walitoa toleo lao la mchezo wa kisiwani, *Survivor*, na fainali yake ya Agosti 2000 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 50. Miaka minne baadaye *Friends* kilimaliza safari kwa watazamaji zaidi ya milioni 52. Idadi zinafanana, lakini kimoja kilikuwa kikifunga mlango na kingine kikiufungua.

Wenye vituo walivutiwa na hesabu. Kichekesho kinataka waandishi wanaobuni upya kila juma, waigizaji wanaopanda bei kadiri wanavyopendwa, na subira ya miaka mpaka watazamaji wazoee wahusika. Kipindi cha uhalisia kinataka nyumba, kamera, watu wenye njaa ya kujulikana na mhariri hodari. Tena mfumo wake unauzika kama kandarasi: nchi moja ikishaujaribu, nyingine inaununua na kanuni zake zote, taa na muziki. Waandishi wa Marekani walipogoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, vituo vilivyokosa maandiko vilijaza ratiba kwa vipindi hivi, na vingi havikurudi vilikotoka.

Afrika iliingia rasmi tarehe 25 Mei 2003. Kwa *Big Brother Africa*, televisheni ya M-Net iliwafungia watu 12 kutoka nchi 12 katika nyumba moja Johannesburg kwa siku 106. Kenya iliwakilishwa na Alex Holi, Uganda na Gaetano Kagwa, Tanzania na Mwisho Mwampamba aliyemaliza wa pili. Mshindi alikuwa Cherise Makubale wa Zambia, aliyeondoka na dola 100,000. Bunge la Malawi lilipiga marufuku kipindi hicho, na viongozi wa dini katika nchi kadhaa wakakilaani, hasa kwa sababu ya kamera za bafuni. Makemeo yaliongeza hamu. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout alishinda, na Tanzania ikapata milionea wake wa kwanza wa kuishi mbele ya kamera.

Kwa wapangaji wa Junda, *Big Brother* ilikuwa habari ya kusikia zaidi ya kuona. Ilirushwa kwa DStv, iliyohitaji dishi na ada ya kila mwezi, na ada hiyo ilikuwa kodi ya chumba. Kilichowafikia ni *Tusker Project Fame*, iliyoanza 2006 na kumtawaza Valerie Kimani wa Kenya. Vijana wa Afrika Mashariki waliishi pamoja wakifundishwa kuimba, wakahukumiwa na majaji wakali, na wananchi wakapiga kura kwa ujumbe wa simu. Miaka iliyofuata ilileta washindi kutoka Uganda, Rwanda na Burundi. Tanzania nayo ilikuwa na *Bongo Star Search* ya Rita Paulsen, na huko Kiswahili kilikuwa mwenyeji.

Hapo ndipo mtazamaji alipobadilishwa cheo. Kwa *Vitimbi* alikuwa mgeni aliyekaribishwa kucheka. Sasa aliambiwa yeye ndiye hakimu, na hukumu yake ilikatwa kwenye salio la simu. Kampuni ya bia ililipia jukwaa na kampuni za simu zikapata sehemu yao ya kura. Katika mitaa ya Waislamu wa Kisauni, kipindi kilichobeba jina la pombe kilikuwa kizito kukiita sebuleni mbele ya wazee, hata kama wimbo wenyewe ulikuwa wa Injili au wa mapenzi yasiyo na kosa. Vijana walikitazama, ila walikitazama wakiwa na kidole kwenye rimoti.

Zito zaidi ya jina la bia lilikuwa suala la stara. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa mpangilio wa kuficha: baraza ni ya wote, ukumbi ni wa wageni, uani ni kwa wanawake na jamaa, na chumbani huingia wachache mno. Pazia la mlangoni ni sheria. Vipindi vya uhalisia vinaanzia palepale pazia linapoanguka: ugomvi wa mke na mume, machozi, nani amelala na nani. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasema wazee, na kata hainenwi sokoni. Falsafa mpya ilikuwa na jibu lake, nalo pia ni la Waswahili: mficha uchi hazai. Aliyekubali kuvuliwa ndiye aliyelipwa. Junda ilitazama kwa macho yote mawili mambo ya wengine, ila haikuwa tayari kufungua mlango wake.

Si kila kamera iliyoingia nyumbani ilikwenda kutafuta aibu. Mwaka 2012 Citizen ilianza kurusha *Shamba Shape Up*, ambapo timu ilipiga kambi kwenye boma la mkulima halisi, ikakarabati banda la kuku na kufundisha kutibu udongo. Kilikuwa kipindi cha uhalisia kwa kila kipimo, na mkulima aliondoka na heshima yake pamoja na maziwa zaidi. Njia ya kuwaonyesha watu bila kuwadhalilisha ilikuwapo; haikupendwa sana na wadhamini wa saa tatu usiku.

Kisha ukaja mwaka 2015, ambao mtu akitaka kuweka alama ya mwisho wa zama anaweza kuiweka hapo. Kenya ilikuwa ikihamia matangazo ya dijitali. Tarehe 14 Februari mamlaka ya mawasiliano ilizima mitambo ya analogi ya KTN, NTV, Citizen na QTV katikati ya mgogoro juu ya nani ashike leseni na nani atengeneze ving'amuzi, na kwa siku 19 stesheni hizo zikawa kimya. Ziliporudi, sebule hazikuwa zilezile. Aliyenunua king'amuzi alipata chaneli makumi. Asiyenunua alibaki na kioo cheusi. Nyumba iliyokuwa na runinga moja kwa vyumba sita ikawa na runinga ndogo katika kila chumba chenye uwezo, na kila chumba kikitazama lake. Ile hadhira iliyokuwa inacheka pamoja ilikwisha kabla vichekesho vyenyewe havijaisha.

Julai 2015 Mzee Ojwang' alifariki Nairobi, akiwa na miaka 78. Kabla ya hapo alikuwa amesumbuliwa na macho, na mashabiki wakachanga fedha atibiwe. Taifa lililolia lilijiuliza kwa nini mtu aliyelichekesha zaidi ya miaka thelathini alihitaji mchango. Jibu lilikuwa likisemwa siku zote: waigizaji wa KBC walilalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu malipo duni yanayochelewa, na vipindi vyao viliporudiwa hewani hawakupata kitu. Ni makosa kusema vipindi vya uhalisia viliviua vichekesho vya Kenya. Vilikuta kiti kikiwa kimeoza miguu.

Kiti hicho kilikaliwa haraka. Kituo cha K24 kilileta *Nairobi Diaries*, wanadada wa mji mkuu wakirushiana vinywaji na maneno. Wakati huohuo KTN ilikuwa na kichekesho chenye akili, *The Real Househelps of Kawangware*. Jina lilikejeli *The Real Housewives* ya Wamarekani, na mbinu pia iliazimwa kwao: mhusika anakatiza tukio na kuilalamikia kamera peke yake. Ila hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa mayaya na vijana wa kazi, wanaoona kila kitu nyumbani kwa tajiri na wasioulizwa chochote na mtu. Kichekesho kilivaa nguo za adui wake ili kipate kuishi, na kwa muda kikaishi vizuri.

Kisa cha Idris Sultan kinaonyesha upande wa pili. Mtanzania huyo alishinda *Big Brother Africa* Desemba 2014 na kuchukua dola 300,000, katika msimu ambao ndio uliokuwa wa mwisho. Akaendelea na kazi ya ucheshi na uigizaji. Mei 2020 alikamatwa baada ya video kumwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli ndani ya suti iliyompwaya, na mwishowe akashtakiwa kwa jambo la laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Redykyulass walimcheka rais wao kwa kuvaa sura yake, wakaendelea na kipindi. Idris alicheka kwa uso wake mwenyewe, na uso wake ukajibu mashtaka. Televisheni iliyomtajirisha kwa kuwa yeye mwenyewe haikumwachia barakoa ya kujifichia.

Julai 2020 UVIKO-19 ulimchukua Charles Bukeko. Kizazi cha Papa Shirandula kilikuwa kinatawanyika, na saa zake hewani zikajazwa na tamthilia: *Maria*, *Zora*, kisha *Sultana* ya mwaka 2022, iliyorudisha Pwani kwenye kioo kwa majengo yake, mavazi yake na Kiswahili chake. Pwani ilipewa heshima ya kulia. Ya kuchekesha ilisubiri. Mtandao wa Showmax ulileta *Kyallo Kulture* mwaka 2022 na *The Real Housewives of Nairobi* Februari 2023. Mmoja wa nyota wa kipindi hicho cha pili, Vera Sidika, ni mzaliwa wa Mombasa. Hivyo mji huu uliingia hatimaye katika vipindi vya uhalisia, ila kwa mlango wa Nairobi, jumba la kifahari na bili ya chakula ambayo Junda ingeitumia kulipa kodi.

Kicheko nacho hakikufa, kilihama. Timothy Kimani, Njugush, aliyetoka miongoni mwa waigizaji wa *The Real Househelps of Kawangware*, alianza kurekodi vichekesho nyumbani akiwa na mkewe Celestine Ndinda na kuviweka mtandaoni. Mke ni wa kweli, sebule ni ya kweli, ugomvi umeandikwa. Mtazamaji hawezi kusema wapi uhalisia unaishia na kichekesho kinaanza, na hataki kujua. Mamia ya vijana wa Kenya wamefuata njia hiyo, wa Mombasa wakiwemo, kwa simu moja na rafiki wa kushika taa. Maandiko yamerudi kwa mlango wa nyuma. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi sasa ndiye mwigizaji, mpiga picha na muuza matangazo, na kipande cha dakika mbili hakimpi nafasi ya kumjenga mtu kama Ojwang', ambaye alihitaji miaka.

Kwa hiyo swali lililobaki ni la fedha, na sheria imelikaribia bila kuligusa. Kanuni za utangazaji za Kenya zilivitaka vituo virushe vipindi vya nyumbani kwa asilimia 40, kwa nia ya kupanda hadi 60. Zinahesabu saa, hazihesabu kurasa zilizoandikwa. Kituo kinaweza kutimiza wajibu wake kwa kamera mbili na mabinti watano wanaogombana, na hakina kosa. Mpaka mwandishi alipwe kama fundi, na mwigizaji apate chake kila kipindi kinaporudiwa, uhalisia utaendelea kuwa bidhaa rahisi kuliko zote.

Na Junda ina mali ambayo Nairobi ililazimika kuijenga kwa mbao studioni: nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, mita moja ya umeme, mama mwenye nyumba anayejua mshahara wa kila mpangaji unaingia lini, na lugha inayoweza kumtukana mtu huku ikimwita bwana. Kamera ya uhalisia ikiingia humo itapata kesi mahakamani na talaka mbili. Mwandishi akiingia na kuwabadilisha majina, atapata kipindi cha miaka kumi, na wenyewe watakaa mbele ya runinga wakiapa kwamba mlevi yule ni wa nyumba ya pili.